Walikotoka Madaktari wa Meno: Taarikh ya Chuo cha Baltimore

Tarehe 1 Februari 1840, baraza la kutunga sheria la jimbo la Maryland, Marekani, liliidhinisha hati ya kuasisi chuo katika mji wa Baltimore kwa madhumuni ya kufundisha tiba ya meno na kuwatunuku wahitimu wake shahada. Na kwa idhini hiyo likapatikana jambo ambalo halikuwahi kuwapo Ulaya wala Amerika, licha ya vyuo vikuu vikongwe vya huko na hospitali zake mashuhuri, yaani madrasa iliyosimama peke yake kwa ajili ya meno, yenye walimu wake, mitihani yake na cheo chake. Cheo hicho, Daktari wa Upasuaji wa Meno, ambacho Waingereza na Wamarekani hukifupisha kwa herufi DDS, ndicho kile kile kinachotolewa leo na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Dar es Salaam, na mzazi ampelekaye mwanawe kuzibwa jino hukiona kimetiwa fremu na kutundikwa ukutani juu ya kiti cha mgonjwa.

Taarikh ya chuo hicho yaweza kusimuliwa kwa kuhesabu majengo yake na wakuu wake, mmoja baada ya mwingine. Sisi tumependelea kuisimulia kwa kuuliza habari za watu: walizaliwa wapi, walifanya kazi gani kabla ya kushika koleo la meno, na nani alimfundisha nani. Kwani heshima ya Baltimore haitokani na kuubuni ufundi wa meno, ufundi ambao ulikuwapo zamani na ulikuwa na mabingwa wake. Inatokana na kuutoa ufundi huo katika siri za aila na karakana, na kuuweka mahali ambapo kijana asiye na baba wala ami katika kazi hiyo angeweza kuuomba, akafundishwa, akatahiniwa, na akipasi akapewa.

Hali ya kabla ya hapo inafaa ielezwe kwa kituo. Mwenye kuumwa na jino katika karne ya 18 alikuwa na hiari chache: kinyozi, mhunzi, au mtembezi wa gulioni aliyeng'oa meno mbele ya watazamaji na kuondoka mjini kabla ya uvimbe kuanza. Juu ya hao walikuwapo mafundi wa kweli, lakini wachache, na maarifa yao waliyaficha kama wafichavyo akiba. Nchini Ufaransa, Pierre Fauchard, aliyeanza ujana wake kwa kujifunza upasuaji katika jeshi la majini, alichapisha mwaka 1728 kitabu cha juzuu mbili, Le Chirurgien Dentiste, akaeleza humo waziwazi yale ambayo wenziwe waliyafanyia inda, na kwa sababu hiyo akaitwa baba wa tiba ya meno ya kisasa. Kitabu, hata hivyo, humfaa zaidi yule ambaye tayari ana mwalimu wa kumwelekeza mkono. Na walimu waliendelea kuwa ni akina baba na akina kaka.

Mfano ulio bora wa zama hizo ni aila ya Greenwood. Isaac Greenwood wa Boston alikuwa mkereza pembe na mtengenezaji wa ala za hesabu, na kwa kuwa mkono uwezao kukereza pembe waweza pia kukereza jino, akaingia katika kazi ya kutengeneza meno ya bandia, na wanawe wakamfuata. Mmoja wao, John, aliyezaliwa mwaka 1760, alikuwa mpiga filimbi jeshini akiwa kijana mdogo katika vita vya Wamarekani vya kudai uhuru. Vita vilipokwisha akaweka kazi yake New York, akalichukua gurudumu la mama yake la kusokotea nyuzi, akaligeuza kuwa kekee ya kutobolea meno iendeshwayo kwa mguu. Huyo ndiye aliyemhudumia Rais George Washington, ambaye siku ya kuapishwa kwake mwaka 1789 alikuwa amebakiwa na jino moja tu la asili kinywani. Greenwood alimkerezea meno kwa pembe ya kiboko, akayafunga kwa springi za dhahabu, na akaacha tundu la kulipitisha lile jino moja lililosalia. Wala tusidhani kwamba vifaa vyote vya kazi hiyo vilitoka kwa wanyama: daftari la matumizi la Washington la mwaka 1784 limeandikwa fedha zilizolipwa watu weusi kwa meno 9, kwa hesabu ya tabibu wa meno wa Kifaransa aliyekuwa akimtazama wakati ule. Shambani kwa Washington watu weusi walikuwa watumwa, na hiari ya mtumwa katika biashara kama hiyo kila mwenye akili aweza kuipima.

Basi maarifa yalipita kutoka mkono hadi mkono kwa silsila, mfano wa ijaza ipitavyo kwa mashekhe wetu kutoka kwa mwalimu hadi kwa mwanafunzi, ila kwa tofauti moja kubwa, kwamba ijaza hutangazwa hadharani ili watu wajue nani amesoma kwa nani, ilhali silsila ya mafundi wa meno ilifichwa. Mwanagenzi alilipa ada, akaapishwa asitoe siri, na alipomaliza miezi yake hakuna aliyemtahini isipokuwa wagonjwa wake, ambao mtihani wao huja baada ya madhara. Fundi hodari alikufa na uhodari wake. Wazee walinena kwamba mficha uchi hazai, na kwa mafundi wa zama zile methali hiyo ilisadifu: kazi iliyofichwa sana haikuzaa warithi wa kutosha kuwatibu watu wa taifa lililokuwa likiongezeka kila mwaka.

Miongoni mwa waliomwendea John Greenwood alikuwa kijana wa Connecticut jina lake Horace Hayden, aliyezaliwa mji wa Windsor mwaka 1769. Huyu alikuwa ameonja kazi nyingi. Alikuwa bado mvulana aliposafiri kwa jahazi la biashara hadi visiwa vya Karibiani; akarudi, akajifunza useremala na uchoraji wa ramani za nyumba; na inasimuliwa kwamba ni katika kiti cha Greenwood, alikokwenda kutibiwa meno yake mwenyewe, ndipo alipovutiwa na kazi ambayo hakuwa ameifikiria kabla. Alihamia Baltimore karibu na mwaka 1800, akaanza kutibu huku akisoma vitabu vya tiba kwa juhudi za mtu asiyekuwa na wa kumsomesha, na mwaka 1810 jumuiya ya matabibu na wapasuaji wa Maryland ikampa leseni. Hayo hayakumtosheleza. Alipenda pia elimu ya mawe na udongo, akatembea milimani na mabondeni akikusanya vielelezo, na mwaka 1820 akachapisha kitabu cha insha za jiolojia, kimojawapo cha vitabu vya mwanzo kabisa vya elimu hiyo kuandikwa Marekani. Na madini mojawapo yakapewa jina la haydenaiti kwa kumbukumbu yake. Mtu aliyezoea kuuliza mlima umejengekaje hakuweza kuridhika na desturi ya kung'oa bila ya kuuliza ugonjwa umetokea wapi; na fikra yake kubwa, aliyoishikilia hadi uzeeni, ilikuwa kwamba jino ni kiungo cha mwili mzima, na amtibuye mtu jino hana budi aujue mwili.

Mshirika wake alitofautiana naye kwa umri, kwa tabia na kwa asili. Chapin Harris alizaliwa Pompey, katika jimbo la New York, mwaka 1806, akawafuata kaka zake Ohio, na huko akasoma utabibu nyumbani kwa kaka yake John, ambaye katika kijiji cha Bainbridge alikuwa akiwafundisha vijana waliotaka kuingia vyuo vya tiba, na katika masomo yake akiwaonyesha pia habari za meno. Nyumba hiyo ndogo ya Bainbridge ilitoa zaidi ya kisio lake: mwanafunzi mwingine wa humo, James Taylor, ndiye aliyeasisi chuo cha meno cha Ohio, mjini Cincinnati, mwaka 1845, cha pili duniani. Chapin alianza kazi kama tabibu wa kawaida, kisha akageukia meno, akawa mmoja wa wale watembezi waliozunguka miji ya kusini na mkoba wa vyombo, hata alipotua Baltimore katika miaka ya 1830. Kama Hayden alikuwa mtu wa kutafakari, Harris alikuwa mtu wa kalamu na miguu: aliandika, alisafiri, alikusanya saini, aliombea michango, na alijibu barua. Kitabu chake cha kufundishia, kilichotoka mwaka 1839, kilichapishwa upya mara nyingi na kusomwa na vizazi vya wanafunzi, na kamusi yake ya istilahi za meno ikafuata mwaka 1849.

Katika mwaka huo huo wa 1839 lilianzishwa jarida la kwanza duniani la elimu ya meno, American Journal of Dental Science, na wahariri wake wa mwanzo wanatuonyesha jinsi watu wa fani hii walivyotoka pande mbalimbali. Eleazar Parmly wa New York alikuwa mzaliwa wa Vermont, wa aila ambayo ndugu zake kadhaa walikuwa matabibu wa meno. Mmoja wao, Levi, ndiye aliyewahimiza watu, katika kitabu chake cha mwaka 1819, wapitishe uzi wa hariri baina ya meno yao baada ya kula. Mwenziwe Solyman Brown alikuwa mhubiri wa Kikristo na mwalimu wa shule kabla ya kushika meno, na alikuwa mshairi. Mwaka 1833 alitoa utungo mrefu wa kuwausia watu juu ya maradhi ya meno na matunzo yake, akauita Dentologia, na Parmly akautilia maelezo ya kitabibu. Msomaji wa pwani, aliyelelewa katika tenzi za mawaidha, hataona ajabu kwamba mashairi yalitumiwa kufundisha usafi wa kinywa. Wamarekani wengi waliona ajabu, na hawakuurudia mtindo huo. Baadaye Harris alilichukua jarida hilo mikononi mwake, na humo ndimo mafundi walipoanza kuandika kwa majina yao yale ambayo baba zao wangeyafungia sandukuni.

Kuhusu sababu ya kuanzisha chuo cha peke yake, masimulizi yaliyopokewa kwa miaka mingi ni kwamba Hayden na Harris waliwaendea wakuu wa kitivo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Maryland wakawaomba waongeze somo la meno, wakajibiwa kwamba jambo hilo halina uzito wa kutosha. Na ingawa watafiti wa zama za karibuni hawakuona hati ya kuthibitisha jibu hilo, habari hiyo imedumu kwa kuwa inaafiki fikra za matabibu wa wakati ule, ambao wengi wao walimhesabu mtengeneza meno katika daraja la masonara. Wakati ulipofika, Harris alizunguka na waraka wa maombi kuwataka wenyeji wa Baltimore waweke saini, waraka ukapelekwa barazani, na hati ikapatikana. Hayden, akiwa na umri wa miaka 70, akawa rais wa chuo na mwalimu wa maradhi ya meno. Harris akawa mkuu wa kitivo na mwalimu wa kazi ya mikono. Pamoja nao walisimama matabibu wawili: Thomas Bond, kijana mwanachuoni ambaye baba yake alikuwa mhariri mashuhuri wa gazeti la Wamethodisti, akafundisha maradhi na dawa, na Willis Baxley, hodari wa elimu ya viungo. Itazamwe hesabu hiyo: kati ya walimu wanne, wawili hawakuwa watu wa meno kabisa, na hiyo ndiyo iliyokuwa itikadi ya Hayden ikitekelezwa.

Masomo yalifunguliwa Novemba 1840 kwa wanafunzi 5. Mihadhara ilitolewa katika chumba kidogo mjini, na kwa kuwa umma ulichukia mno upasuaji wa maiti, somo la viungo lilifanyiwa faraghani, katika dari ya banda la farasi. Tarehe 9 Machi 1841 wanafunzi wawili, Robert Arthur na Covington Mackall, walipewa shahada za kwanza za fani hii katika historia ya ulimwengu. Sherehe ya watu wawili yaweza kuonekana ndogo mbele ya macho ya leo, lakini walioiandaa walijua uzito wake, kwani tangu siku hiyo swali la mgonjwa, kwamba huyu amesoma kwa nani, lilipata jibu lililoandikwa, lenye saini za watu wanne ambao kila mmoja alikuwa amemhoji mwanafunzi mbele ya wenziwe. Arthur hakuiaibisha shahada yake: mwaka 1855 alieleza jinsi karatasi nyembamba ya dhahabu, ikipashwa moto kwanza, hushikana na nyenzie ndani ya tundu la jino hata ziba ikawa kitu kimoja kigumu, na njia hiyo ikatumiwa na mafundi wa kila nchi kwa miongo mingi. Aliisema hadharani, hakumuuzia mtu.

Miezi michache kabla ya masomo kufunguliwa, mwezi Agosti 1840, ilikuwa imeundwa mjini New York jumuiya ya kwanza ya kitaifa ya matabibu wa meno, Hayden akiwa rais wake hadi alipofariki mwaka 1844. Hapa taarikh yatutaka tuseme pia ambalo si la sifa. Mwaka 1833 walikuwa wameingia New York ndugu wawili wa jina la Crawcour kutoka Ulaya, wakitangaza kwa makeke dawa yao ya kuziba meno, ambayo kwa kweli ilikuwa fedha iliyochanganywa na zebaki, rahisi, ya haraka, isiyohitaji ustadi wa dhahabu. Ndugu hao walikuwa walaghai, wakaondoka na aibu; lakini wazee wa jumuiya, kwa kuchukizwa na walaghai, wakaichukia na dawa yenyewe, na mwaka 1845 wakawataka wanachama wote watie saini ahadi ya kutoitumia. Walioona kwamba mgonjwa maskini asiyeweza kulipia dhahabu afadhali azibwe kwa fedha na zebaki kuliko kung'olewa, walikataa, fitina ikaenea, ahadi ikafutwa mwaka 1850, na mwaka 1856 jumuiya yenyewe ikavunjika. Mchanganyiko uliopigwa vita, baada ya kurekebishwa, ukawa ndio ziba ya watu wengi kuliko zote katika karne iliyofuata. Chuo kilibaki, jumuiya ikafa, na sababu yake yafahamika: chuoni hoja hujibiwa kwa majaribio, na palipokuwa na kiapo hapakuwa na nafasi ya majaribio.

Fani hiyo ya meno iliyodharauliwa ndiyo iliyoupa ulimwengu dawa ya usingizi. Desemba 1844, mjini Hartford, Horace Wells, tabibu wa meno, alivuta hewa ya kuchekesha na kumwamuru mwenziwe John Riggs amng'oe jino, akaamka bila ya kuhisi maumivu; na Oktoba 1846 William Morton, ambaye aliwahi kuwa mwanafunzi na mshirika wa Wells, alimlaza mgonjwa kwa etha mbele ya wapasuaji wakubwa wa hospitali ya Boston. Kila apasuliwaye leo akiwa amelala ana deni kwa silsila hiyo fupi ya mafundi wa meno.

Mlango uliofunguliwa Baltimore, hata hivyo, haukufunguliwa kwa wote, na nani aliyengoja nje ni sehemu ya taarikh kama walivyo waliokuwa ndani. Mwanamke hakutakiwa. Lucy Hobbs, yatima wa New York aliyejitafutia riziki kwa ualimu, aliomba kuingia chuo cha Ohio akakataliwa kwa ajili ya jinsia yake. Mwalimu mmoja wa chuo hicho hicho, Jonathan Taft, akamfundisha kwa faragha, naye akaenda akafanya kazi Iowa hadi matabibu wa jimbo hilo wakamtetea, na mwaka 1866 Ohio ikampa shahada, wa kwanza miongoni mwa wanawake duniani. Akaolewa na James Taylor (si yule mwasisi wa chuo cha Ohio), mwanajeshi wa zamani aliyekuwa akifanya kazi katika reli, akamfundisha mumewe utabibu wa meno, na wawili hao wakafungua kazi pamoja Lawrence, Kansas, ambako Lucy aliwatibu zaidi wanawake na watoto. Huko Connecticut, Emeline Jones, aliyeolewa na tabibu wa meno, aliambiwa na mumewe kwamba vidole vya mwanamke havifai kazi hiyo; akajizoeza kwa siri kuyaziba meno yaliyokwisha kung'olewa, hata mume alipoyaona akakubali, na alipofiwa naye mwaka 1864 akaiendesha kazi kwa miongo mitano, kwa muda akishirikiana na mwanawe. Baltimore yenyewe ilimtunuku shahada mwanamke wa kwanza mwaka 1873, Emilie Foeking, aliyevuka bahari kutoka Danzig. Na tasnifu aliyoiandika ilihoji kama mwanamke aifaa kazi ya utabibu wa meno, swali ambalo kwa kuhitimu kwake alikuwa amekwisha kulijibu.

Kwa mtu mweusi njia ilikuwa ndefu zaidi. Maryland ilikuwa nchi ya utumwa chuo kilipoasisiwa, na ilibaki hivyo hadi mwaka 1864. Robert Tanner Freeman, aliyezaliwa Washington mwaka 1846 na wazazi waliowahi kuwa watumwa, alijifunza kazi kwa tabibu wa meno wa kizungu, Henry Noble, ambaye ndiye aliyemtia moyo asikome hapo. Vyuo viwili vilimkataa. Chuo Kikuu cha Harvard, kilichofungua kitivo cha meno mwaka 1867, kikampokea, na mwaka 1869 akawa mtu mweusi wa kwanza kupata shahada hiyo. Akarudi Washington kuwatibu watu wake, akafa kijana mwaka 1873. Lakini mjukuu wake, Robert Weaver, ndiye aliyekuwa waziri wa kwanza mweusi katika serikali ya Marekani, mwaka 1966. Aliyemfuata Freeman Harvard, George Grant, mtoto wa wazazi waliowahi kuwa watumwa pia, aliyeanza kama kijana wa kutumwa kazi ndogondogo kwa tabibu wa meno mjini Oswego, alihitimu mwaka 1870, akafundisha hapo hapo Harvard, akawa mashuhuri kwa kuwatengenezea vifaa wagonjwa waliozaliwa na kaakaa lililopasuka. Kisha vikaja vitivo vya Howard mwaka 1881 na Meharry mwaka 1886, ambavyo kwa muda mrefu ndivyo vilivyowasomesha wengi wa matabibu weusi wa meno nchini humo.

Mambo yaliyobaki ya chuo chenyewe yaweza kuelezwa kwa ufupi. Harris alifariki Septemba 1860, akiwa amekitumikia kwa miaka 20. Chuo Kikuu cha Maryland, kile kile ambacho masimulizi yasema kiliwakataa waasisi, kilifungua kitivo chake cha meno mwaka 1882, na mwaka 1923 vyuo viwili hivyo vikaunganishwa, hata yule aliyetengwa akarudi nyumbani akiwa mkubwa wa nyumba. Mwaka 1996, katika jengo la zamani la chuo, pakafunguliwa makumbusho ya taifa ya tiba ya meno, ambamo huonyeshwa meno ya bandia ya Washington na vyombo vya meno vya Malkia Victoria. Na mwaka 2006 kitivo kikahamia jengo jipya.

Na silsila imetufikia. Mafunzo ya shahada ya meno yalianza Muhimbili mwaka 1979, wakati ambapo wengi wa madaktari wa meno wa Tanzania walikuwa wakisomea nchi za mbali. Na katika miaka ya katikati ya 1980, wakiwa katika kazi ya afya ya kinywa vijijini, walimu wa Dar es Salaam, miongoni mwao Mholanzi Jo Frencken, waliunda njia ya kukwangua sehemu iliyooza kwa vyombo vya mkono tu na kuziba kwa saruji ya meno, bila ya umeme, bila ya maji ya bomba, na bila ya kekee. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza njia hiyo kwa mataifa yote, na leo yatumiwa hata katika nchi tajiri kwa watoto waogopao mlio wa mashine. Hivyo kile kilichoanza kwa gurudumu la mama yake Greenwood kilipata nyongeza yake katika mji wa pwani yetu, na nyongeza hiyo ikatolewa bure kwa kila aitakaye.

Kwa sababu hiyo, apimaye kazi ya madaktari wa meno, wawe ni mume na mke katika chumba kimoja, au baba na binti, au kitivo kizima chenye walimu mia, ana maswali mawili ya kuuliza, na yote mawili yalianzia Baltimore. La kwanza ni: umesoma kwa nani, na nani alikutahini? La pili, ambalo waasisi walilijibu nusu na waliokuja baada yao wakalikamilisha kwa jasho, ni: nani umemfundisha wewe, na nani umemkatalia? Chuo kilichojibu vyema la kwanza kwa miaka zaidi ya 180 kinastahili kukumbukwa kwa heshima. Na wenye kuendesha vyuo vya meno Dar es Salaam, Nairobi na kwingineko wataihifadhi heshima hiyo kwa kulijibu la pili vizuri kuliko lilivyojibiwa mwaka 1840.